Chupa ya Mama Mkwe Ukutani Mwangu

Watu wa Bihambwe walianza kuniita mlevi kabla sijaonja hata glasi moja ya divai. Sababu ilikuwa vikapu. Kila mara kamio, yaani lori la shamba, iliposhuka kutoka Kirolirwe, dereva alisimama mbele ya nyumba ya mama yangu, akateremsha kikapu kilichojaa chupa tupu, akapiga honi na kutangaza kwa sauti iliyofika ng'ambo ya bonde: "Hii ni ya karani!" Zilikuwa chupa za bia, za divai, za siki, zote tupu, zote zikinuka. Na karani alikuwa mimi.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimesoma sekondari kwa mapadri, nikapata kazi katika shamba la ng'ombe la mzungu mmoja huko Kirolirwe, kuandika maziwa ya asubuhi na ya jioni. Niliporudi nyumbani kwa mapumziko, katekista wetu alinishika mkono baada ya misa, akanipeleka nyuma ya kanisa.

"Mutoto yangu," akasema kwa upole, "tumeona vikapu."

"Vikapu gani, Papa?"

"Ine. Tulivihesabu. Mama yako anavipanga nyuma ya nyumba, anavifunika na majani ya migomba. Anazani hatuone."

"Papa, mimi sinywi. Ni muzungu njo anakunywa."

"Njo vile bote banasemaka," akasema, akaniombea palepale, mkono wake kichwani pangu, sala ndefu iliyotaja divai mara saba.

Sikumwambia ukweli kwa sababu ukweli ulikuwa wa aibu kuliko ulevi. Nilikuwa nakusanya chupa ili nijenge dirisha, na dirisha lenyewe lilikuwa la msichana.

Msichana huyo aliishi Kashebere, kule ambako milima yetu inakwisha na msitu wa Walikale unaanza. Shamba lilinituma huko na kamio kutafuta mafuta ya mawese kwa ajili ya chakula cha wafanyakazi. Wakati madumu yanajazwa nilikaa kwenye baraza la duka, na kwenye baraza hilo msichana alikuwa akishona kwa cherehani ya mkono. Mkono wa kulia ulizungusha, wa kushoto ulisukuma kitambaa, na mdomo ulishika pini. Nilimsalimu. Alijibu bila kutoa pini. Nikarudi kutafuta mawese mwezi uliofuata, na uliofuata, mpaka mzungu akauliza kama wafanyakazi wake wanaoga nayo.

Tulipofika mahali pa kuzungumza ndoa, alitoa pini zote mdomoni.

"Kwenu kule juu," akasema, "ninasikia batu banaishi ndani ya nyungu."

"Nyungu namna gani?"

"Nyumba moja, mulango moja, moshi ndani. Ukungu inje. Mimi nitashona wapi? Hii mashine haione mu giza."

Sikuweza kubisha. Kwetu baridi ni kali, na ukungu hutua juu ya vilima mpaka karibu saa sita. Wazee wetu walijenga nyumba za kuhifadhi joto: kuta nene za matete na udongo, mlango wa kuinamia, moto katikati. Tundu la mwanga lilikuwa tundu la baridi, na hakuna aliyekaribisha baridi kwa hiari. Vioo vya dirisha nilikuwa nimeviona kwa wazungu, kwa mapadri na ofisini, basi. Vilikuja vimefungwa kwenye masanduku yenye majani makavu, na hata hivyo nusu vilifika vimepasuka.

"Nitakujengea dirisha," nikamwambia.

"Ya nini?"

"Utaona."

Nilisema "utaona" kwa sababu mimi mwenyewe sikujua. Nilijua usiku wa pili, Kirolirwe, nilipopita nyuma ya jikoni la mzungu na kuona shimo lililojaa chupa. Sisi tuliiheshimu chupa. Mwanamke aliyekuwa na chupa mbili nzuri za kuwekea mafuta alikuwa mwanamke mwenye vyombo. Huku mpishi alizitupa kama maganda ya mahindi. Nikamwomba.

"Zote?" mpishi akauliza.

"Zote."

"Karani, kwenu mawe yamekwisha?"

Alicheka, lakini tangu siku hiyo aliniwekea. Akaziosha hata, nusunusu.

*

Niliacha kazi ya maziwa nilipopata nafasi ya kufundisha shule ya Bihambwe, nikaanza kujenga. Baba mdogo wangu alikuwa fundi wa kuta, amefanya kazi kwa mapadri, na ndiye aliyesimamisha kuta tatu za nyumba yangu. Ya nne, inayotazama barabara na magharibi, nilimwambia aniachie. Magharibi kwa sababu kwetu jua la kweli ni la mchana, ukungu ukishapanda. Nilikuwa nimepiga hesabu hiyo vizuri. Ni hiyo tu.

Siku ya kwanza nilipanga safu sita. Nilizilaza chupa juu ya tope, midomo nje, makalio ndani, kwa sababu niliona kwamba kitu chochote chenye mdomo lazima kielekeze mdomo mbele. Saa nane upepo ukapanda kutoka bondeni. Ukuta ukaanza kulia. Kwanza chupa moja, huu, halafu tatu, halafu zote pamoja, nene na nyembamba, kama harmoniamu ya kanisani iliyokaliwa na mbuzi. Baba mdogo akaja mbio kutoka shambani, jembe begani.

"Nani anapiga filimbi?"

"Ni ukuta, Baba."

Alisikiliza. Akaweka jembe chini. Akakaa juu ya jembe. Alicheka mpaka akashika mbavu, akaniita nije nimwinue.

Jioni mvua ikanyesha na ukuta ukaacha kulia. Ulijikunja polepole, ukalala chini kama ng'ombe aliyechoka. Asubuhi tuliokota chupa kwenye potopoto, moja moja, na cha ajabu zilizovunjika zilikuwa tatu tu.

"Sasa nisikilize," akasema baba mdogo. "Umesoma, lakini kioo haikusoma na weye. Kioo haishike potopoto. Inateleza. Lazima uifunge shingo kama mbuzi."

Akanionyesha. Makalio ya chupa nje, shingo ndani. Kila shingo inafungwa kwa kamba ya mgomba kwenye tete lililosimama. Udongo unakanyagwa pamoja na mavi ya ng'ombe na majani yaliyokatwa mafupi, mpaka ukiubonyeza hauachi maji. Kati ya chupa na chupa, vidole viwili. Safu mbili kwa siku, basi, na kesho hakuna kazi. Ukuta unapumzika, udongo unabana. Ukiharakisha, udongo hukauka na kujitenga na kioo, na unabaki na meno yanayocheza kwenye fizi.

Nilimtii. Nilimtii vizuri sana, mpaka ndoa ikafika wakati ukuta uko kifuani tu. Sehemu ya juu tuliifunga kwa mkeka.

*

Siku ya kumchukua bibi yangu, mke wangu sasa, kutoka Kashebere, baada ya kanisa na baada ya chakula, mama yake aliniita kando. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyepoteza maneno. Mkononi alishika chupa iliyojaa mawese. Ilikuwa ya buluu, buluu ya jioni kabla nyota hazijatoka, yenye mabega mapana; mwuguzi mmoja alimpa zamani, ilikuwa ya dawa. Sijawahi kuona nyingine kama ile.

"Mukwe," akasema, "hii chupa iko na njia yake. Inatoka hapa na mawese. Inarudia hapa na mafuta ya ng'ombe ya kwenu. Ikirudia, nitajua mutoto wangu iko muzima na iko anakula. Kama haikurudia, nitakuja kumuchukua. Muzima ao maiti, nitamuchukua. Unasikia?"

"Ninasikia, Mama."

"Ni hii. Si ingine."

"Ninasikia."

Sijui kama hiyo ilikuwa desturi ya watu wote wa kule au ya nyumba yake tu. Baadaye niliambiwa kwamba dada ya mama mkwe aliolewa mbali, na mahali pa chupa ya mama yao ikarudi chupa nyingine, na hivyo ndivyo walivyojulishwa kwamba msichana amefariki. Wakwe waliogopa kukitamka kifo. Mimi siku ile sikuyajua hayo. Niliyasikia maneno yake kama mtu anavyosikia maneno ya arusi, huku nikitafuta kwa macho kamio iko wapi.

Basi ukuta. Nilikuwa nimechora kwenye karatasi ya shule ua kubwa katikati: chupa nyeupe pande zote, za kijani na za kahawia nje yake. Moyo wa ua ulinishinda. Kijani ilipotea, nyeupe ilikuwa kama jicho bovu. Nikaiona chupa ya buluu juu ya rafu. Bibi yangu alikuwa ameenda mtoni. Nilimimina mawese kwenye kibuyu, nikaiosha chupa, nikaifunga shingo, nikaizungushia udongo. Haikuchukua muda wa kuchemsha maharagwe.

Aliporudi alisimama na mtungi kichwani.

"Ile ni chupa ya mama."

"Tazama inavyowaka!"

"Ninaona. Itoe."

"Udongo iko mubichi. Kesho."

Kesho yake ukuta ulipumzika, keshokutwa nilipanga safu mbili juu yake. Ukuta uliopanda juu ya chupa ile ulipanda kwa "kesho" hizo, mbili mbili, mpaka paa.

Lakini nisidanganye, lilikuwa dirisha! Mchana ukungu ulipofunguka, jua liliingia kwa vipande vya mviringo, kijani, kahawia, nyeupe, na katikati buluu moja iliyotembea sakafuni polepole mpaka kwenye cherehani. Shingo za chupa zilitokeza ndani kama vigingi, na bibi yangu akazipa kazi: kila shingo ilibeba uzi wa rangi yake, ndogo zilibeba utepe wa kupimia, na shingo ya buluu ilibeba mkasi. Wanawake walitoka vilima vya mbali kushonesha magauni, na nusu yao, naapa, walikuja kukaa tu ndani ya rangi. Katekista alikuja pia. Alitazama ukuta kutoka juu mpaka chini.

"Hizi zote," akauliza, "ulikunywa kwa muda gani?"

*

Baada ya mavuno ya maharagwe bibi yangu akaanza kuuliza chupa ya mama inarudi lini. Mama yangu mwenyewe alikuwa na ng'ombe wawili, na alikuwa ametayarisha mafuta mazuri, ya manjano, yanayonukia. Kilichobaki kilikuwa chupa.

Hapa nimezoea kuruka. Nimewasimulia watoto na wajukuu hadithi hii mara nyingi, na kila mara nikifika hapa nasema "basi ikatokea kutoelewana." Hapakuwa na kutoelewana. Nilisema uongo mara mbili kwa siku moja. Nilichukua chupa ya bia ya kijani, nikaijaza mafuta ya mama yangu, nikampa dereva wa kamio anayekwenda Kashebere, nikamwambia: "Mwambie mama mkwe wangu ile ya buluu ilivunjika." Kisha nikaingia ndani nikamwambia bibi yangu: "Nimemwandikia mama yako barua kumweleza dirisha. Sina shaka atakubali ibaki."

"Kweli?" akasema, na uso wake ukafurahi. "Basi vizuri. Nilikuwa naogopa."

Siku tatu baadaye nilimwambia amekubali. Kwa hiyo uongo ni mara tatu.

Sikufanya hivyo kwa ubaya wowote mkubwa. Nilifanya kwa sababu watu walikuwa wanasimama barabarani kutazama ukuta wangu, na kuitoa chupa ile kulimaanisha kubomoa safu nyingi kutoka juu. Nilipenda watu wasimame barabarani kwa ajili yangu. Ni hilo tu, na ni dogo, na ndiyo maana linaniuma.

Wakati nafurahia hayo, Kashebere walikuwa wanalia. Dereva alifikisha chupa ya kijani na maneno yangu. Mama mkwe aliuliza, "Ilivunjika namna gani?" Dereva, ambaye hakujua lolote, akajibu, "Sijue, Mama. Ilivunjika tu." Mwanamke yule hakuuliza tena. Aliweka chupa ya kijani chini, akafungua kilemba chake, akaanza kumlilia mtoto wake. Jirani wakaja. Matanga yakakaa siku mbili, mbuzi akachinjwa. Siku ya tatu akapanda kamio ya kwanza inayopanda milimani, yeye na kaka yake, kuja kuchukua alichodhani kimebaki.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilikuwa nje nasugua makalio ya chupa kwa kitambaa, kama nilivyofanya kila Jumamosi, na jua limekwishapata ukuta. Kamio ikasimama. Nikamwona mama mkwe anashuka amevaa vitenge vitatu kimoja juu ya kingine kwa ajili ya baridi yetu, kichwa wazi, macho mekundu. Kaka yake alishuka nyuma yake na kikapu kikubwa kitupu.

"Karibu, Mama," nikasema. "Karibu, Mujomba. Hamkutuma habari..."

"Kaburi iko wapi?" akauliza.

"Kaburi ya nani?"

Bibi yangu alikuwa ameisikia sauti ya mama yake. Alitoka mbio, utepe wa kupimia shingoni, sindano bado kwenye kifua cha gauni. Mama yake alimwona. Akakaa barabarani katikati. Bibi yangu akapiga magoti mbele yake, na yule mama akaanza kumshika: miguu, mikono, masikio, kama mtu anayenunua kuku. Mjomba alitua kikapu chake.

"Mukwe," akaniambia, "tulilia huyu mutoto siku mbili. Mbuzi ilikufa sababu yako. Na ilikuwa mbuzi muzuri."

"Banalia nini?" bibi yangu akauliza. "Mama, unalia juu ya nini?"

"Walisema chupa ilivunjika."

"Nani alisema?"

Mama mkwe aliinuka, akapangusa vitenge. Sasa alikuwa anatazama ukuta. Alikuja moja kwa moja, akapita mbele yangu kana kwamba mimi ni mti, akaweka kidole chini ya chupa ya buluu, penye mkwaruzo kama mwezi mchanga. Alikuwa anaujua mkwaruzo ule kama unavyojua kovu la mtoto wako.

"Haikuvunjika," akasema.

"Lakini alikuandikia, Mama," akasema bibi yangu. "Alikuandikia barua. Ulikubali ibakie."

"Barua? Kwetu barua inasomwa na katekista mbele ya batu yote. Tulipata chupa ya bia. Barua haikukuya."

Jirani walikuwa wamekwishajaa barabarani, maana kamio ikisimama kwetu kila mtu ana kazi ya kufanya barabarani. Bibi yangu alinigeukia. Hakuonyesha hasira. Alinitazama kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya, akipima kama kinafaa kwa kitu kingine.

"Ulisema amekubali," akasema.

"Nilidanganya," nikasema. Ni neno pekee la siku ile ambalo silijutii.

Mama yangu alitoka na viti, akawakaribisha wageni ndani. Mama mkwe akakataa. "Siingie ndani ya hii nyumba, siwekee kitu mu kinywa, mpaka chupa yangu iko mu mukono." Na mawingu yalikuwa yanakusanyika juu ya kilima, meusi.

Nikaleta kisu na maji. Nililowesha udongo, nikachimba kuzunguka buluu, huku watu wa Bihambwe wakinipa mashauri. "Kushoto, Mwalimu!" "Tia maji!" "Kunywa nyingine kwanza!" Ndani bibi yangu alikata kamba ya shingo. Chupa ikaanza kucheza, lakini kila nilipoivuta safu ya juu ilishuka nayo. Nikaona ua langu lote linataka kuanguka. Hapo mkono mrefu, mkavu, ukapita juu ya bega langu. Mama mkwe alikuwa ameweka kiganja chake chini ya chupa za juu na kuzishikilia.

"Vuta," akasema.

Nikavuta. Chupa tatu nyeupe zilianguka, ya buluu ikatoka nzima, imevaa udongo. Aliipokea, akaipangusa kwa kitenge cha juu, akaiinua kwenye kilichobaki cha jua. Kisha akanirudishia.

"Sasa ijaze."

"Mama, mafuta yalikwenda yote kwenye ile ya kijani. Ng'ombe mmoja ana mimba, mwingine..."

"Sikuuliza ng'ombe. Nilisema ijaze."

Alikubali kuingia kwa sababu ya mvua. Asubuhi bibi yangu alianza kuvua nyuzi kwenye shingo za chupa, moja moja, nyeusi, nyekundu, nyeupe. Nilikaa kitandani nikimwangalia. Aliweka cherehani ndani ya kikapu ambacho mjomba alikuwa ameleta kwa ajili ya maiti yake.

"Unaenda mpaka lini?" nikauliza.

"Kwetu banajua nilikufa. Lazima banione."

"Na mashine?"

"Mashine inaenda na miye." Alifunga kikapu. "Ukiileta ile chupa weye mwenyewe, na mikono yako, tutaongea. Usimupe dereva."

*

Mama yangu alikataa kunisaidia. Alinionyesha kibuyu cha kusukia maziwa, akaenda zake shambani. Kusuka maziwa kwetu ilikuwa kazi ya wanawake. Unakaa chini, unakumbatia kibuyu, unakipeleka mbele na nyuma mpaka siagi ijitenge. Kila jioni baada ya shule nilikaa mlangoni na kibuyu. Wanawake walipita makusudi.

"Mwalimu, mutoto amelala?"

"Mushike kichwa vizuri, atatapika!"

"Anafanana na babake!"

Ng'ombe aliyebaki alitoa kidogo. Mara ya kwanza nilisuka kwa nguvu mno na siagi haikushika. Mara ya pili niliiunguza nilipoiyeyusha motoni. Nilipopata chupa moja iliyojaa, mahindi yaliyokuwa yameota siku ile ya kamio yalikuwa yamenifika kiunoni.

Kamio zilikuwepo, lakini nilitembea. Siku tatu, chupa kifuani imefungwa kwa kitenge, mgongoni ndizi za kuchoma. Njiani watu waliuliza nabeba nini kwa uangalifu hivyo, nami nikajibu, "Mafuta ya mama mkwe," nao wakanipisha.

Kashebere ilikuwa na joto, na mafuta yalikuwa yameanza kuyeyuka. Watu waliomlilia bibi yangu walikuwa wamekaa penye duka. Nilisimama mbele yao nikasema yote: chupa haikuvunjika, barua haikuandikwa, nilipenda ukuta wangu. Kwenye baraza cherehani haikusimama hata mara moja.

Mama mkwe alizibua chupa. Akanusa. Akatia kidole, akaonja.

"Iko na jani," akasema.

"Pole, Mama."

"Ulisuka weye mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Inaonekana." Akaziba chupa, akaiingiza ndani ya nyumba yake, na nilipoona haitoki tena nikajua amepokea.

Hapo tu ndipo cherehani iliponyamaza. Bibi yangu alitoa pini mdomoni.

"Ukuta uko namna gani?"

"Uko na tundu."

"Uliziba?"

"Bado. Niliogopa kuziba bila kukuuliza."

"Usizibe," akasema, akainama kukata uzi.

Tulirudi kwa kamio baada ya siku nne, cherehani magotini pangu na chupa ya buluu kwake, imejaa mawese. Ilikwenda na kurudi miaka yote mama mkwe alipokuwa hai, na hakuna dereva aliyeigusa. Chupa tatu nyeupe nilizirudisha mahali pake. Tundu la katikati lilibaki. Bibi yangu alisema analihitaji: akishona, aliweza kuona barabara yote hadi kona, na kujua kama nimetoka shule moja kwa moja au nimepitia mahali. Nilikuwa nimemjengea dirisha la kuangazia nguo, akaligeuza la kuniangalia mimi, na sikuwa na haki ya kubisha.

Usiku alilifunga kwa kitambaa, lakini ukungu wa Bihambwe haujui kitambaa. Kuelekea alfajiri uliingia, mwembamba, baridi kama maji ya mto. Kitanda chetu kilikuwa kimeegemea ukuta ule, na tangu tuliporudi, upande wa kitanda ulio penye tundu ulikuwa wangu.